Rangi ya Viti vya Lori

Tarehe 4 Machi

Dada yangu,

Natumaini barua hii inakukuta umekaa, maana ukiisoma umesimama utaanza kunijibu kabla hujafika mwisho. Mimi sijambo. Kifua kilichonisumbua wakati wa baridi kimeniachia. Mama mwenye nyumba wangu anakusalimu ingawa hakujui. Anasema mtu mwenye dada anayemwandikia kurasa nne kwa mpigo hana haki ya kulalamikia upweke. Nisalimie Mzee. Mwambie baba yetu goti lake liwe na adabu.

Hongera kwa kukubaliwa tena chuoni. Ukataji wa nguo si mchezo, na najua mwaka jana uliiacha nafasi hiyo kwa ajili ya Mzee, huna haja ya kunikumbusha kwenye kila bahasha. Masomo yanaanza tarehe mosi Septemba, mwaka huu hawakungoji tena, nimeelewa. Nitakuja kukaa naye miezi yote tisa. Kazi yangu ya kuandika vibao naweza kuifanya popote penye ukuta na mwenye duka. Ila nataka nije nimemaliza lori.

Lori gani, utauliza. Lori la Mzee, lile lile. Nalitengeneza dogo, kila kitu kimepunguzwa mara ishirini, kwa hiyo urefu wake ni kama kutoka kiwiko changu hadi ncha za vidole. Bodi ni bati la makopo ya maziwa, tela ni mbao za masanduku ya matunda. Nje si kazi. Kazi ni ndani ya kebini. Wengi wanaotengeneza magari ya namna hii hupaka vioo rangi nyeusi, ndani hamna kitu, basi wanajiita mafundi. Mimi nataka Mzee akichungulia dirishani aone pale alipokaa maisha yake yote. Nimeshachonga viti viwili, usukani wa waya, pedali tatu, na ile nundu ya injini katikati.

Sasa shida ni rangi. Picha niliyonayo ni ya nyeusi na nyeupe. Lori lenyewe nililipanda mara mbili tu nikiwa mdogo, na mara zote mbili nilitapika, kwa hiyo ninachokumbuka vizuri ni ndoo. Tafadhali muulize: viti vilikuwa rangi gani, dari rangi gani, na kirungu cha gia rangi gani. Nahitaji haraka, kwa sababu ndani hupakwa kwanza. Paa nikishaligandisha, brashi haiingii tena.

Mdogo wako,
Brashi


Tarehe 29 Machi

Kwako Brashi,

Barua yako imelala posta wiki mbili, karani alidhani ni ya mtu mwingine kwa sababu ya mwandiko wako. Mtu anayeishi kwa kuandika vibao, na anwani yake haisomeki. Huku tupo. Mzee goti linampanda na kushuka. Ukuta wa jikoni umeanza kuvuja tena pale pale ulipoahidi kupaziba. Muuza mkaa jirani yetu amepata mjukuu na hatuna raha, kila anayepita lazima aitwe akamwone. Sare za shule nilizokuwa nashona nimezimaliza, macho yananiuma.

Nianze na lori lako, maana nisipolianza hutayasoma mengine. Nilimuuliza Mzee wakati namnyoa ndevu. Alinijibu papo hapo: viti kijani, kijani kile cha chupa, dari nyeupe, kirungu cheusi. Nilishangaa alivyojibu upesi, siku hizi ukimuuliza kama amekunywa chai inabidi uvute subira. Mimi sina la kuongeza. Unajua hakuwahi kunipandisha, alikuwa akisema kebini si mahali pa wasichana.

Haya, na mimi nina swali langu moja tu. Kwa nini lori liishe kwanza ndipo uje? Huku meza ipo. Mwanga upo. Mzee mwenyewe yupo, utamuuliza hata mara mia kwa siku wala hutahitaji stempu. Namkogesha, nampikia, namzuia asitoke nje bila viatu, na katikati ya yote hayo nashona vifungo. Nikikosa nafasi hii mwaka huu, nitabaki kupunguza suruali za watu mpaka nizeeke. Nilitaka kujua kukata nguo tangu marehemu Mama aliponipa mkasi wake. Wewe unalijua hilo kuliko mtu yeyote.

Usinijibu habari za kirungu. Nijibu hilo.

Dada yako


Tarehe 22 Aprili

Dada mpendwa,

Pole na macho, pole na ukuta, na mpe hongera muuza mkaa. Huku mvua imeniharibia kibao cha kinyozi kabla hakijakauka, kichwa kilichochorwa kimeota madevu ya rangi mpaka tumboni. Kinyozi amekipenda hivyo hivyo, kwa hiyo nimenyamaza.

Kijani cha chupa! Ningeweza kukaa mwaka mzima nisikibahatishe. Nilianza na rangi ya chini, ya kijivu, nyembamba sana ili isizibe mishono niliyoichora kwa sindano. Halafu kijani, mkono wa kwanza, nikaacha, mkono wa pili. Nikajifunza jambo kwa uchungu: rangi yenye kung'aa ni nzuri kwenye kibao, lakini kwenye kiti kidogo inageuza kitu kizima kuwa mwanasesere. Ikabidi niifishe mng'ao. Kisha nikapitisha rangi ya kahawia iliyokorogwa maji maji, ikajipenyeza kwenye mikunjo, nikaifuta juu kwa kitambaa. Dada, kiti kimezeeka mbele ya macho yangu. Kinaonekana kimekaliwa. Nilimwita mama mwenye nyumba aone, akasema anasikia mgongo ukimuuma.

Dari nimeipaka nyeupe nikaitia moshi kidogo upande wa dereva, kwa sababu ya sigara zake.

Yamebaki machache. Sakafu ilikuwa na raba au bati tupu? Kioo cha kati kilining'inizwa nini? Na kile kijipazia cha juu ya kioo cha mbele, kilikuwa na nyuzinyuzi au naota tu?

Kuhusu kuja na lori likiwa halijaisha, haliwezi kusafiri hivi. Barabara itautikisa usukani ung'oke. Acha nilimalize, usiwe na wasiwasi, muda upo mwingi.

Brashi


Tarehe 17 Mei

Brashi,

Tunaendelea. Ukuta umevuja mpaka kwenye kabati la unga. Mzee ana hamu ya kula, namshukuru Mungu kwa hilo.

Nimemsomea barua yako yote, hata ule mkasa wa kinyozi. Alisikiliza vizuri, akacheka panapochekesha. Nilipofika kwenye viti vya kijani akaniangalia kama nimemtukana. Nani amesema kijani? Viti vilikuwa kahawia. Nikamwambia wewe mwenyewe ulisema, nikiwa nimekushika kidevu. Akasema mimi siku zote nilikuwa sisikii vizuri. Brashi, mimi masikio yangu hayana kasoro. Alisema kijani. Lakini amekaza shingo, kahawia, basi nakuletea kahawia yako. Sakafu raba. Kwenye kioo hakukuwa na kitu. Pazia anasema nisimchoshe.

Sasa sikia mengine. Jumanne alitoka nilipokuwa dukani kununua uzi. Nilimtafuta mpaka miguu ikataka kukatika. Muuza mafuta wa kituo cha petroli ndiye aliyemleta, kamshika mkono. Alimkuta amekaa ndani ya lori la mtu, anamwambia dereva ashuke kwenye kiti chake. Dereva wa watu alicheka. Mimi sikucheka. Nilimgombeza, jioni akakataa kula mpaka nilipombembeleza. Ni ukorofi mtupu. Anataka nisitoke hata kufuata uzi.

Hukunijibu swali langu. Umenijibu habari za usukani kung'oka. Usijitie hamnazo, mdogo wangu. Nauliza tena: kwa nini huji?

Dada yako


Tarehe 5 Juni

Dada,

Salamu kwa wote. Mimi mzima wa mwili.

Kahawia! Unajua kahawia maana yake nini? Maana yake nimeng'oa viti vyote viwili, na kimoja kimetoka na kipande cha sakafu. Nikasema sawa, nisivichonge upya, nipake juu ya kijani. Nilikuwa na haraka kwa ajili yako, nikatumia rangi kali ya vibao. Baada ya kitambo kidogo narudi, viti vimekunjamana kama ngozi ya maziwa yaliyochemka. Rangi ya juu imeila ya chini. Ule mshono wote wa sindano umezama. Nilivitupa nje dirishani, kisha nikatoka kwenda kuvitafuta kwenye majani, kwa sababu miguu ya viti sikuwa na waya mwingine wa kuitengenezea.

Nimechonga vipya. Nimepaka kahawia, polepole, kwa adabu. Vimetoka vizuri kuliko vya kwanza, hilo nakubali. Sakafu nimeweka raba niliyokata kwenye kandambili, nikaisugua chini ya pedali pale ambapo kisigino chake kilikuwa kikikaa.

Lakini niambie, mtu aliyekaa kwenye kiti kile maisha yake yote anasahauje rangi yake? Au ananipima? Muulize mara ya mwisho, taratibu, akiwa ameshiba. Kahawia ya namna gani, ya kahawa au ya udongo? Na milango kwa ndani je? Sitaki kugandisha paa nikiwa na shaka. Nikiligandisha na viti vya uongo ndani, nitakuwa nimemtengenezea lori la mtu mwingine.

Usimpige marufuku kutoka. Ni dereva, lazima anuse mafuta.

Brashi


Tarehe 30 Juni

Brashi,

Sijui nianze wapi, kwa hiyo leo naruka salamu. Sisi wazima, ninyi wazima, yaishe.

Nilimuuliza akiwa ameshiba, taratibu, kama ulivyoagiza. Akasema bluu.

Nikasema sawa, sibishani. Nikaenda zangu kufua. Nikavua foronya ya kile kigoda changu cha cherehani, kile ninachokikalia kutwa nzima, niifue pia. Chini ya foronya kuna ngozi. Nikaiangalia, nikakaa chini pale pale uani. Ile ngozi niliishona mimi mwenyewe kwa sindano ya gunia, mwaka ule lori lilipouzwa chuma chakavu. Mzee alirudi nyumbani amebeba ngozi ya kiti begani, akataka kuitundika, Mama akaniambia nifunikie nayo kigoda ili asiitazame ukutani. Miaka yote hii nimeikalia, huku wewe na mimi tunaandikiana habari za kijani na kahawia. Ni rangi ya damu ya mzee, nyekundu iliyokolea. Si kijani, si kahawia, wala si bluu hata ukipofuka. Nimekukatia kipande kutoka upande wa ndani, ambapo jua halikufika. Kimo kwenye bahasha.

Basi nikakichukua kigoda nikakiweka mbele yake. Nikamuuliza hii ngozi ilitoka wapi. Akaigusa. Akaniangalia usoni. Halafu akaniambia, "Lori likiisha, wewe si utaondoka?"

Ndivyo alivyosema, bila kupepesa macho. Kumbe! Kumbe anajua makubaliano yetu, kwamba lori likiisha wewe unakuja na mimi naenda. Anatuchezesha makusudi. Anakutupia rangi mpya kila mwezi ili usimalize, na mimi nakaa hapa nasoma barua kwa sauti kama mjinga, naandika uongo wake kwa mkono wangu, nanunua stempu. Nililia, Brashi. Nililia kwa hasira, nikaingia ndani nikashona mikono ya shati ndani nje. Baadaye alikuja mlangoni akaniita kwa jina la Mama, kwa sauti ya kunibembeleza, eti nisikasirike. Nikaendelea kushona. Hata huo ni ujanja, anajua nikisikia jina la Mama nalegea.

Sasa rangi unayo mkononi. Paka, funga paa, uje. Zimebaki Julai na Agosti.

Dada


Tarehe 16 Julai

Dada,

Nimeipata ngozi. Iko mezani mbele yangu.

Nimekasirika mpaka nimeshindwa kushika brashi. Mzee mzima! Miezi minne napaka uongo! Ningekuwa huko ningempeleka na kigoda chake mpaka kituo cha petroli nimwache huko aombe lifti.

Nimevitoa viti tena. Damu ya mzee ni rangi ngumu, ukiizidisha nyekundu kidogo inakuwa kibanda cha soda, ukiizidisha nyeusi inakuwa jeneza. Nimeshachanganya mara kadhaa, kila ikikauka inabadilika. Halafu kwa kuwa viti ni vyekundu, dari nyeupe sasa inapiga kelele, lazima niirudie. Na milango. Dada, kusema kweli sioni nikimaliza kabla ya Oktoba. Je, chuo hakiwezi kukusubiri mwezi mmoja tu? Waandikie kwa upole. Mtu mwenye mkono kama wako hawatamwacha.

Brashi


Tarehe 12 Agosti

Mdogo wangu,

Mwezi mmoja tu. Nimeisoma sentensi hiyo nikiwa nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena, bado iko pale pale.

Sikuandika chuo. Na wewe sikuombi tena uje, usihangaike, tulia na makopo yako. Nimechoka kuwa posta ya wanaume wawili wakaidi. Mmoja hataki lori liishe ili nisiondoke, mwingine hataki liishe ili asirudi. Maana wewe unaogopa, Brashi. Tangu Mzee alipoacha kuendesha hujawahi kukaa naye zaidi ya siku mbili. Unataka umkute yule wa kwenye picha, mkono mmoja nje ya dirisha. Yule hayupo. Yupo huyu wa kukogeshwa, na mimi nimeshazoea, na wewe utazoea.

Kwa hiyo sikia. Una maswali mengi kuhusu kebini ya lori? Nakuletea mwenye lori. Jumamosi ya tarehe 25 mchana, uwe stendi, na usichelewe kwa sababu eti rangi haijakauka. Mkwe wa muuza mkaa anasafiri basi hilo hilo, atakaa naye kiti kimoja mpaka akukabidhi mkononi. Dawa ya goti nimeifunga kwenye soksi ya bluu. Chai yake usitie sukari hata akikuapia. Mswaki ni ule mweupe. Akisema ameshaoga, hajaoga. Usimwache karibu na lori lolote lenye funguo.

Nilimwambia anakwenda kwako. Sikumficha, nilimwambia pia kwamba mimi nakwenda chuoni. Niliandaa maneno ya kumjibu akikasirika, nimeyaandaa tangu Juni. Hakukasirika. Aliniuliza kama mkasi nimeutia kwenye begi. Nikasema ndiyo. Akasema vizuri.

Mimi naondoka tarehe 30. Funguo za nyumba ziko kwa muuza mkaa. Anwani ya chuo iko nyuma ya bahasha, andika kwa mwandiko unaosomeka.

Dada yako


Tarehe 9 Septemba

Dada mpendwa,

Natumaini umepata kitanda karibu na dirisha na kwamba hao wenzako wadogo wadogo wanakuheshimu. Usikubali wakuite mama. Mzee alifika salama. Mkwe wa muuza mkaa ni mtu wa maana sana, anasema walizungumza njia nzima habari za barabara. Goti limetulia. Sukari anaiapia kweli, na sijamtilia. Mama mwenye nyumba amemchukua kama kaka yake, kila saa wanagombana kuhusu mlango uachwe wazi au ufungwe.

Ulisema naogopa. Haya.

Siku ile alipofika nilimwogesha, akanywa chai, nikamketisha dirishani kwenye mwanga. Viti vilikuwa tayari, damu ya mzee, rangi ile ile ya kipande chako, nilivilinganisha ubavu kwa ubavu. Paa nililiacha wazi ili aone vizuri. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia yote, kijani, kahawia, bluu, na jinsi alivyokutoa machozi. Nikaliweka lori mbele yake, nikasimama nimefumbata mikono.

Alivaa miwani. Akainama, akachungulia dirishani kwanza, kwa heshima, kisha kwa juu. Alitazama muda mrefu. Akaingiza kidole kidogo, akaugusa usukani, akausogeza pole pole upande wa kushoto. Nilingoja aanze kunikosoa. Akaniambia, "Gari zuri hili. La nani?"

Nikacheka, nikidhani ananitania. Yeye hakucheka. Nikamuuliza, Mzee, viti vya lori lako vilikuwa rangi gani? Akasema kijani, upesi upesi, kama alivyokujibu wewe siku ya ndevu. Kisha akaniangalia usoni. Hakuona alichokuwa anakitafuta, akasema kahawia. Akaniangalia tena. Dada, alikuwa anausoma uso wangu ajue lipi ndilo jibu. Na viti vyenyewe viko chini ya pua yake.

Hakutuchezesha. Hakumbuki. Alikuwa anabahatisha mbele yako miezi yote hiyo, na siku ya kigoda hukumwachia mlango mwingine wa kutokea. Kwamba anaumia wewe kuondoka, hilo ni kweli, lakini alilishika kwa sababu ndilo lililokuwa karibu. Aliona afadhali umwite mkorofi kuliko ujue kwamba amesahau. Na ile siku alipokuita kwa jina la Mama, sidhani kama ulikuwa ujanja. Nilijua nikikuandikia hili litakuuma. Nimelikalia siku kadhaa, lakini nimechoka na familia yetu kutosema mambo.

Nilikasirika sana, sijui hata nilimkasirikia nani. Nilitoka nje nikakipaka upya kibao cha kinyozi, hakukuwa na haja. Niliporudi nilimkuta bado yuko dirishani amelilinda lori, anasema eti mwenye lori akija asilikose.

Daktari wa zahanati ya hapa amemwona. Anasema ni uzee wa kichwa, hautarudi nyuma, lakini unaweza kwenda taratibu. Nimeanza kumfunga kitambulisho shingoni chenye anwani yangu. Nimekiandika kwa herufi za kibao, kinasomeka hata ukiwa ng'ambo ya barabara.

Sasa najua unachofanya. Umeinuka, unatafuta begi. Kaa chini. Nafasi ile haitakungoja mara ya tatu, na kukaa kwako huku hakutamrudishia rangi ya viti. Ukija kabla ya miezi tisa nitakurudisha kwa basi lile lile, nitakaa nawe kiti kimoja mpaka nikukabidhi kwa mkuu wa chuo. Mimi nipo. Nimeshajua mswaki ni upi.

Paa nimeligandisha Jumapili iliyopita. Dari haikutulia kama nilivyotaka na mlango wa kushoto una doa, basi. Anaamka kabla yangu, analikuta mezani, na kila asubuhi ananiuliza la nani. Namwambia, lako, Mzee. Hapo anavuta kiti, anachungulia ndani, anafurahi sana, kwa sababu ndiyo kwanza amepewa.

Mdogo wako,
Brashi